Msumeno Ukishapata Mfereji

Wageni wengi wanaofika Ndolezi, mkoani Songwe, kukiona Kimondo cha Mbozi hupiga picha upande mnene. Mimi nilikwama upande wa pili, kule kinakochongoka. Ncha yake imejaa mapengo. Hayakuletwa na anga wala na mvua za kilima cha Marengi. Ni kazi ya mikono ya watu waliokwenda pale na vyuma vyao kutaka kipande cha kuondoka nacho kama kumbukumbu. Mapengo hayalingani. Pengo moja liko kama mtu alianza akachoka, na pembeni yake mwingine akajaribu tena.

Kilichonisumbua si kukatwa peke yake. Kukikata chuma kile ni adhabu. Takriban asilimia 90 ya kimondo ni chuma na asilimia 8 hivi ni nikeli, na nikeli ndiyo inayokifanya king'ang'anie. Hakipasuki kwa pigo moja. Anayekimega hafanyi hivyo kwa kupitiwa. Anakaa, anatoka jasho, anapumzika, anarudia, na muda wote huo moyo wake umekwisha kuamua kwamba kile ni halali yake.

Jambo hilo nilikwenda nalo Vwawa, kwa mtu anayekata chuma kila siku. Ana karakana kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Hutengeneza mageti na madirisha, huchomelea matela ya malori, na pembeni ana mizani ya kununulia chuma chakavu. Ni Mnyiha, mtu mzima, na aliniomba nisimtaje jina. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti, akataka kwanza nimweleze mapengo yale yakoje: yana kina gani, kingo zake ni kali au zimeviringika, yameanzia juu au ubavuni. Alisikiliza kwa makini kama daktari.

Anasema shida ya msumeno wa mkono ni mwanzo. Meno huteleza juu ya ganda, huruka, huchubua pasipotakiwa. Fundi hulazimika kuchora mstari kwa tindo au kwa faili, kisha ausukume msumeno taratibu huku kidole gumba kikiuelekeza. Chuma cha kumimina hutoa unga, lakini chenye nikeli huvutika, hushika meno, hupata moto mkononi. Mapengo yaliyoachwa njiani, kwa maoni yake, ni ya watu walioshindwa na mwanzo. "Ukishapata mfereji, mwanangu, msumeno unajua njia wenyewe. Hapo hata mtoto anaendelea."

Historia ya kimondo wengi tunaijua. Wenyeji walikuwa nacho tangu zamani. Mwaka 1930 mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, akakitangaza kwa walimwengu. Mwaka uliofuata watafiti Grantham na Oates wakakiandika katika jarida la kisayansi la Uingereza. Udongo ulichimbwa kukizunguka, ukaachwa mguu mmoja chini yake, nao ukaimarishwa kwa zege. Uzito wake umekadiriwa mara tani 25, mara 16, mara 12. Mwaka 1967 serikali ilikiweka chini ya ulinzi, na siku hizi msimamizi ni Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Vipande vyake vimo katika makumbusho ya London. Na vimondo, popote duniani, huuzwa kwa gramu.

Hiyo gramu ndiyo inayowasha maneno. Vijana waliokuwa wakisubiri tela lao karakanani waliidaka mara moja: kwa nini kisikatwe hata robo, tujengewe madarasa? Sikuwacheka. Hoja yao imewahi kufika bungeni, mbali na hapa, tena kwa watu matajiri kuliko sisi.

Chuo Kikuu cha Iowa, chuo cha umma nchini Marekani, kina mchoro wa msanii Jackson Pollock wa mwaka 1943 uitwao "Mural", wenye upana wa mita 6 hivi. Mkusanyaji wa sanaa Peggy Guggenheim alikipa chuo mchoro huo bure, ukafika mwaka 1951. Juni 2008 mto ulifurika, jengo la makumbusho ya chuo likawa halifai tena, na wasimamizi wa vyuo vya umma wakataka kujua mchoro una thamani gani. Ilitajwa dola milioni 140. Mwaka 2011 wabunge wa jimbo wakaleta muswada: uuzwe, fedha ziwe za kusomesha wanafunzi. Wenye makumbusho walipinga, na chuo pia, muswada ukafa. Mchoro ulizungushwa kwenye maonyesho miji kadhaa, ukarudi kwenye jengo jipya la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2022.

Nilimsimulia fundi. Alinyamaza kidogo, maana ana mtoto chuoni na mkopo hautoshi. Aliniambia wazi kwamba kama angekuwa mzazi wa Iowa angetamani zile fedha. Kisha akanionyesha mizani yake. Kila anayeleta chuma hapa, alisema, huulizwa swali moja kabla ya kupimiwa: cha nani? Mwenye springi ya lori lake bovu anapimiwa. Anayeleta kipande cha reli anarudishwa, hata kama njaa yake ni ya kweli, hata kama anataka karo ya mtoto.

"Shida yake naiona," alisema. "Lakini shida haimfanyi mtu awe mwenye reli."

Sijasikia hoja nzuri kuliko hiyo kuhusu mali ya chuo cha umma, na nimesoma nyingi. Guggenheim hakuwapa wabunge wa mwaka 2011 akiba ya benki. Alikipa chuo kitu cha kutazamwa na kufundishia, na waliokipokea walikuwa wapokezi kwa niaba ya wanafunzi ambao hawajazaliwa. Bei ikipanda, wajibu wao haupungui. Tena mchoro ukiuzwa kwa ajili ya karo, basi kila kitu chuoni kimeshachorwa mstari wa tindo. Bajeti ijayo ikipungua, msumeno hautateleza.

Marekani ina pia jambo linalokaribiana zaidi na letu. Kimondo cha Willamette, cha Oregon, kina tani 15 hivi. Mwaka 1902 mtu mmoja, Ellis Hughes, alikitambua kwenye ardhi ya kampuni ya chuma, akakisogeza mpaka shambani kwake, akaanza kutoza kiingilio. Kampuni ilimshtaki, na mwaka 1905 mahakama ikaipa ushindi. Kikanunuliwa na mama tajiri, akakitoa zawadi kwa makumbusho ya historia asilia ya New York. Waclackamas, wenyeji wa asili wa huko, ambao kwao kimondo ni kitu kitakatifu tangu kabla ya kampuni na mahakama, hawakupewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makumbusho yakakata kipande cha kilo 13 hivi, yakakibadilisha na mkusanyaji kwa kipande cha jiwe la Mars. Mwaka 2000 wazao wao wakapata makubaliano ya kukizuru kimondo kila mwaka kwa ibada zao. Mwaka 2007 kile kipande kilipelekwa mnadani New York. Hakikupata mnunuzi.

Fundi alitaka kujua Waclackamas waliambiwa nini kabla ya kipande kukatwa. Ndilo swali lenyewe.

Mtu asidhani kwamba yeye au mimi tunachukia biashara. Sam Ntiro, mchoraji wa Uchagani aliyefundisha Makerere, aliona picha yake ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi ikichukuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York mwaka 1960. Kazi ya mikono ya mtu ni yake, aiuze, ale, asomeshe. Geti la fundi likitoka karakanani halirudi, naye hulala vizuri.

Kimondo hakuna aliyekitengeneza. Na ulinzi wa kisheria, ambao nauunga mkono, haujibu kila kitu. Kila Juni 30 kuna sherehe za Siku ya Vimondo Duniani pale Ndolezi, na hotuba ni za utalii na mapato. Je, kiingilio kinachotozwa getini kinabadilisha nini katika shule iliyo karibu na kilima? Vipande vya London vilihesabiwa kuwa sampuli; sampuli ina muda wa kurudishwa? Siku mnunuzi akija na bei kubwa, na katika ofisi fulani akapatikana mtu wa kumsikiliza, atakayeulizwa ni nani: mkoa ulioundwa 2016, mamlaka yenye makao yake kaskazini mwa nchi, wizara, au wazee wa Ndolezi, ambao babu zao walikijua kabla Nott hajafika, na ambao hadi leo hakuna karatasi inayosema kwamba wanaweza kukataa?