Jina la Babu na Ubatizo wa Mtoto

Mchungaji aandikishapo mtoto wa kiume kwa ajili ya ubatizo, mara nyingi hukuta wazazi na wazee hawajapatana juu ya jina. Kwa desturi ya Wachagga, kwa mfano, mzaliwa wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Wazee hulitaka jina hilo la kale. Wazazi hutaka jina la Biblia, wakidhani kuwa la babu ni la kipagani. Neno la mchungaji hapo laweza kuipatanisha nyumba au kuigawanya. Je, Maandiko yatufundisha nini?

Kwanza, Agano Jipya halimdai abatizwaye jina jipya. Wengi husema kwamba Sauli alibatizwa akawa Paulo. Lakini alibatizwa katika Matendo 9, naye aendelea kuitwa Sauli hadi 13:9, huko Kipro, ambapo Luka aeleza tu kwamba alikuwa na jina la Paulo pia. Tena Apolo, Epafrodito (Flp. 2:25) na Herme (Rum. 16:14) walikuwa na majina yenye asili katika miungu ya Wayunani. Hata hivyo Paulo aliwataja kwa majina hayo hayo, bila kuwadai mengine.

Pili, kumheshimu mzee si kumwabudu. Martin Luther alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, sikukuu ya Mtakatifu Martin, akapewa jina la siku hiyo. Naye mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1526, aliitwa Johannes, kwa kifupi Hans, jina alilokuwa nalo babu yake mzaa baba.

Tatu, wazee nao wasilifanye jina la ukoo kuwa sheria. Jamaa za Elisabeti walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, mama akakataa, na baba akathibitisha kwa kuandika kibaoni kwamba ni Yohana (Lk. 1:59-63).

Ni kweli kwamba si kila jina la kale lafaa. Raheli, alipokuwa akifa, alimpa mwanawe jina la uchungu wake, Benoni, Yakobo akamwita Benyamini (Mwa. 35:18). Kwetu pia wako waitwao Shida, Tabu na Masumbuko. Kwa hiyo mchungaji na aulize: Jina hili maana yake nini? Latolewa kwa kumkumbuka babu kwa shukrani, au kwa agizo la mganga? Je, nyumba hii yaogopa kwamba mzimu utamdhuru mtoto asipoitwa hivyo? Hofu ikiwapo, dawa yake ni mafundisho kabla ya ubatizo, wala si kubadili jina tu. Maana mtoto aweza kuitwa Yohana, na hofu ikabaki nyumbani vile vile.

Hatimaye tukumbuke kwamba jina la mtoto halimwokoi wala halimzuilii neema. Hubatizwa kwa jina la Mungu wa Utatu (Mt. 28:19), na jina lake mwenyewe hutamkwa ili ijulikane ni nani aliyepokelewa. Babu aliyeishi kwa haki na kuwatunza jamaa zake, jina lake lastahili kusikika mahali hapo.