FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Nikiwa Kidato cha Kwanza, katika shule niliyosoma kabla ya kuhamia hapa, niliyaona hayo kwa macho yangu mawili. Ilikuwa siku ya wazazi. Shindano la kuvuta kamba lilikuwa limepamba moto wakati mzazi mmoja, baba wa makamo aliyekuwa akishangilia kando yangu, alipoanguka pu! kama gunia. Hakulia wala hakuomba maji. Alikoroma mara mbili tatu, kisha kimya.

Sisi tulifanya nini? Tulimzunguka tu. Huyu anapiga mayowe, yule anampepea kwa kofia, mwingine anasema apewe maji. Kiranja alitimua mbio kuleta sanduku la huduma ya kwanza, akakuta chumba kimefungwa na ufunguo umeenda mjini na metroni. Mimi niliokota kiatu kilichomtoka mguuni, nikasimama nacho hivyo hivyo mpaka gari lilipopatikana. Baba yule hakufika hospitalini akiwa hai.

Tangu siku ile swali moja limenikaa rohoni: tungeweza kufanya nini? Nilimuuliza shangazi yangu ambaye ni muuguzi, nikasoma pia. Leo ningependa kuwagawia nilichovuna, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili.

Kwanza, tusichanganye mambo mawili. Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaoulisha moyo unapoziba. Mgonjwa huumwa kifua na mara nyingi bado anaweza kusema nawe. Moyo kusimama ni jambo lingine. Mtu huanguka ghafla, hajibu ukimwita, na hapumui au anakoroma kwa vipindi tu. Kule kukoroma si kupumua, jamani! Sisi siku ile tulidhani ni usingizi wa kuzimia.

Ajabu ni kwamba mara nyingi moyo huo haujatulia bado. Moyo una umeme wake mdogo unaoamuru misuli yake ijikaze pamoja, kama mpiga ngoma anayewaongoza wachezaji. Umeme huo ukivurugika, kila msuli hucheza ngoma yake. Moyo hutetemeka kama ukuti penye upepo, na damu haiendi popote. Hapo ndipo inapohitajika mashine iitwayo difibrileta, yaani mashine ya kuushtua moyo. Hupitisha umeme kifuani kwa nukta moja, vurugu lile linyamazishwe, ili moyo wenyewe upate nafasi ya kushika mdundo wake upya. Msidhani ati humfufua kila mtu kama tuonavyo kwenye sinema. Moyo uliokwisha nyamaza kabisa hauponi kwa umeme huo.

Adui mkubwa hapa ni saa. Kila dakika inayopita bila msaada wowote, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Hesabu mwenyewe, msomaji: baada ya dakika kumi kumebaki nini? Ndiyo maana mwaka 1965 Daktari Frank Pantridge wa mjini Belfast aliiweka mashine hii ndani ya ambulensi badala ya kuiacha hospitalini. Ile ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi, ikitumia betri za gari! Za siku hizi unazibeba kwa mkono mmoja.

Lakini hata ambulensi huchelewa. Mwaka 1999 viwanja vya ndege vya jiji la Chicago, Marekani, viliwekewa mashine hizi mahali pa wazi, ili mtu akitembea upesi aifikie kwa dakika moja au moja na nusu. Katika miaka miwili ya kwanza watu 18 walianguka kwa moyo wa kutetemeka. Kati yao 11 waliokolewa, na 6 kati ya hao waliokolewa na watu ambao hawajawahi kufundishwa mashine hiyo. Wanne ambao mashine haikuwa karibu nao, au haikutumika kabla ya dakika tano, hakupona hata mmoja. Si mnaona? Mashine ni ile ile, umbali ndio uliowatenganisha. Kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapenzi wa kandanda watamkumbuka Christian Eriksen wa Denmark aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alibonyezwa kifua papo hapo, akashtuliwa kwa mashine iliyokuwa pale pale, na mwaka 2022 alirudi kusakata gozi.

Haya basi, ukimwona mtu ameanguka ufanye nini? Mwite na umtikise mabega. Asipojibu na asipopumua sawasawa, mtume mmoja apige simu 999 au 112, mwingine alete mashine kama ipo. Wewe usingoje. Weka viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ikifika, iwashe tu; yenyewe inasema la kufanya. Kausha kifua, bandika pedi moja chini ya mtulinga wa kulia na nyingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Ikisema msimguse, msimguse. Huupima moyo kwanza, na kama umeme hauhitajiki haitoi. Baada ya hapo endelea kubonyeza kifua mpaka ikwambie usite.

Najua wengine watasema, "Mashine hiyo ni ghali, sisi hata mipira ya kutosha hatuna!" Ni kweli. Lakini mikono hainunuliwi. Tukijifunza kubonyeza kifua tutakuwa tumeanza. Na siku shule au soko letu litakapoipata mashine hiyo, tafadhali isifungiwe ofisini kwa kuogopa wezi. Itundikwe ukutani watu wote wanapoiona, na awepo mtu wa kukagua betri na pedi zake kila mwezi, kwa maana nazo huisha muda.

Shime wenzangu! Leo jioni kabla ya maandalio, nenda ukaulize sanduku la huduma ya kwanza la shule liko wapi, na ufunguo anao nani. Mimi sikuuliza, nikabaki nimeshika kiatu.