Kiti na Mwenye Kukikalia (Sehemu ya Tatu)

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti linapokutana Dodoma, wananchi husikia tena habari za mafungu ya matumizi ya ofisi, na miongoni mwake limo fungu la samani, ambalo aghalabu hupita kimyakimya kana kwamba kiti cha karani ni jambo lisilostahili hoja. Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza umbo la uti wa mgongo na jinsi misuli ya kiuno inavyochoka kwa mkao usiobadilika. Swali lililobaki ni kiti kinunuliwe kwa kipimo gani, na jibu lake linadai kutazamwa kwanza kiti mashuhuri kuliko vyote vilivyochongwa katika pwani ya Waswahili.

Kiti hicho ni kiti cha enzi, ambacho mifano yake ya kale ingali ikihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Kiliundwa kwa mpingo au mbao nyingine nyeusi, kikatiwa nakshi za mifupa na pembe za ndovu, na mahali pa kukalia na pa kuegemea pakawambwa, yaani kamba nyembamba zikafumwa na kukazwa juu ya fremu, kama kinavyowambwa kitanda cha kamba, ili hewa ipite na mwili usitoke jasho. Vipande vyake viliunganishwa kwa ndimi za mbao zilizoingizwa katika matundu, hivyo kiliweza kufumuliwa na kuundwa upya, na mbele yake paliwekwa kibao cha kukanyagia. Wapo wataalamu wanaohusisha asili ya umbo lake na Misri ya Wamamluki, na wapo wanaotaja Wareno na Bara Hindi. Lakini mjadala huo, hata uwe mzuri namna gani, usisahaulishe kwamba walioshika patasi walikuwa mafundi wa pwani hii, ambao majina yao hayakuandikwa popote na ambao walistahili kuandikwa.

Egemeo la kiti cha enzi ni refu na limesimama wima, kwa sababu kazi yake haikuwa kumpumzisha mtu bali kumdhihirisha: aliyekikalia alikuwa mkubwa wa mji au mgeni wa heshima, akakaa kwa muda wa baraza, kisha akainuka. Kwa kazi hiyo fundi hakukosea hata kidogo. Kosa ni la ofisi za leo, zilizorithi fikra ya enzi na kuacha ufundi wake, zikampa mkurugenzi, ambaye nusu ya siku yumo vikaoni na safarini, kiti kipana cha ngozi chenye egemeo la kupita kichwa, huku mchapaji anayekaa saa 8 mbele ya kompyuta akipewa kiti kilichobaki stoo, sponji yake imekwisha na bawaba yake imelegea. Huo ni udhalimu, hata kama umeingizwa katika zabuni kwa utaratibu wote.

Wala madhara yake hayakugunduliwa jana. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Kiitalia, katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, alitaja mambo matatu yanayowaumiza makarani: kukaa mfululizo, mkono usiopumzika, na akili iliyokazwa isije ikakosea hesabu. Mwaka 1884 Franz Staffel, tabibu wa mifupa wa Ujerumani, alisisitiza kwamba egemeo lishike kiuno, yaani ule mbonyeo wa mgongo juu kidogo ya nyonga, kwa kuwa mbonyeo huo ukipotea mgongo mzima hupinda mbele.

Kipimo cha kiti, basi, ni mwili wa mkaaji wala si cheo chake, na jambo hili fundi cherehani hulijua kuliko afisa manunuzi. Ndiyo maana maseremala wa Keko, Dar es Salaam, wangefaa kuitwa ofisini na futi zao kabla ya kuagizwa kontena la viti vya kimo kimoja. Kimo cha kiti kiwe sawa na umbali kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ili nyayo zilale chini zote; kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, damu isibanwe; mikono ya kiti ifikie viwiko bila kuinua mabega wala kuzuia kiti kuingia chini ya meza; na egemeo liguse kiuno hata mtu anapoandika. Hata kiti kikitimiza yote hayo, mkaaji hana budi kuinuka na kutembea kila baada ya muda, kwani hakuna mkao mmoja unaofaa kutwa nzima. Viti vingi visivyopandishwa wala kushushwa vina kimo cha takriban sentimita 45, ambacho humwacha mtu mfupi miguu ikining'inia; huyo, wakati akisubiri bajeti, achongewe kibao cha kukanyagia kama kile kilichowekwa mbele ya kiti cha enzi.