Kipimo Chenye Sitara: Funzo kutoka Migori

Yako maradhi ambayo mwanamke huyanyamazia kwa haya hadi yakamshinda. Saratani ya mlango wa kizazi ni mojawapo. Nchini Kenya huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka, ilhali ni miongoni mwa saratani chache ambazo mabadiliko yake ya mwanzo huweza kugunduliwa na kutibiwa kabla hayajageuka kuwa saratani. Husababishwa na virusi vya HPV, navyo huchukua miaka mingi kuleta madhara. Muda wa kujikinga upo. Kinachotuzuia wengi wetu ni kile kitanda cha uchunguzi na hofu ya kufunuliwa mbele ya mtu tusiyemjua.

Kwa hiyo tunawaletea wasomaji wetu habari ya utafiti uliofanywa mbali na pwani, katika kaunti ya Migori. Kaunti hiyo na jirani yake, Homa Bay, ni kati ya zile zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini. Mwanamke anayeishi na virusi hivyo yumo katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii.

Mnamo 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakiongozwa na Dkt. Megan Huchko, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, waliwaendea wanawake wa jamii 12 za Migori. Katika nusu ya jamii hizo, kipimo kilitolewa kwenye mikutano ya afya iliyoandaliwa karibu na makazi yao. Katika nusu nyingine, wanawake walialikwa kwenye vituo vya afya. Kote kote, mwanamke alielezwa namna ya kutumia brashi ndogo, akaenda faraghani, akachukua sampuli kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemfunua.

Penye mikutano ya karibu, wanawake 60 katika kila 100 walipimwa. Penye vituo vya afya, walikuwa 37. Kipimo kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni umbali.

Lakini utafiti huo ulifichua jambo la pili, nalo ndilo linalotutia uchungu. Waliokutwa na virusi walielekezwa hospitalini kwa tiba ya kugandisha sehemu iliyoathirika kwa baridi kali, tiba isiyohitaji kulazwa. Hata katika jamii za mikutano, waliofika kutibiwa hawakutimia wanne kati ya kumi. Kwa wale wa vituoni walikuwa wachache zaidi. Nauli, umbali na kusubiri ridhaa ya mume viliwarudisha nyuma. Shirika la Afya Duniani linataka, ifikapo 2030, wanawake 90 katika kila 100 wanaokutwa na tatizo hili wawe wanatibiwa. Kumpima mama na kumwambia ana tatizo, kisha kumwacha na safari asiyoimudu, ni kumbebesha hofu bila msaada.

Fedha za utafiti huo zilitoka katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, yaani kodi za wananchi wa huko. Tunashukuru, lakini mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mnamo Mei 2025, serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha utaratibu ambao kwa huo vyuo vyake viligawia taasisi za nje sehemu ya ruzuku za utafiti wa afya. Kwa upande wetu, sheria ya Kenya ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya 2013 imeagiza asilimia 2 ya pato la taifa itengwe kwa utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa. Fedha za umma ni amana, na afya ya mama ni mahali pa haki pa kuitumia.

Sisi wa pwani tuna la kufanya. Chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Tusiwanyime mabinti zetu kinga hiyo. Akina mama waliofika miaka 30, na wenye virusi vya Ukimwi kuanzia 25, waulize kituoni kama kipimo cha kujichukulia sampuli kipo. Kikiwa hakipo, suala hilo lifikishwe kwa wawakilishi wa wadi wakati bajeti ya kaunti inapojadiliwa, likiambatana na swali la pili: atakayekutwa na virusi, atatibiwa wapi, na kwa nauli ya nani?

Na akina baba wanaosoma ukurasa huu, mke akirudi na karatasi ya kumwelekeza hospitali, asingoje ruhusa. Msindikizeni.