Kitenzi Chenye Mama Watatu

Binamu yangu hutembeza watalii Mji Mkongwe, Zanzibar. Kiingereza anakijua, Kiitaliano alikiokota ufukweni tangu ujana wake, na mwaka huu kaamua kuongeza Kihispania. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Juu kaandika kwa herufi kubwa: IR = KWENDA. Chini yake mistari mitatu: voy, naenda, iba, nilikuwa nikienda, fui, nilikwenda. Halafu pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Dada, hiki kweli ni kitenzi kimoja?"

Si kimoja. Ni vitatu, na vimeishi nyumba moja muda mrefu kiasi kwamba wenyeji wenyewe wameshasahau nani alihamia lini.

Vitenzi vingi vya Kihispania vina adabu. Chukua hablar, kusema. Hablo, nasema, hablaba, nilikuwa nikisema, hablé, nilisema. Sehemu ya habl- haitikisiki, mikia tu ndiyo inayobadilika kufuata nafsi na njeo. Anayejua mikia hiyo ataweza kubadilisha maelfu ya vitenzi ambavyo hajawahi kukutana navyo. Ukitaka kupata mzizi, unakata -ar, -er au -ir ya mwisho: habl-ar, com-er, viv-ir. Sasa jaribu kukata -ir kwenye ir. Hakuna kinachobaki. Kitenzi chote ni mkia.

Umaskini huo una asili yake. Warumi waliingia rasi ya Iberia mwaka 218 KK, na Kilatini walichokuja nacho kilikuwa na kitenzi ire, kwenda. Naenda ilikuwa eo, unaenda is, anaenda it. Kwenye maandishi, hayo yanatosha. Mdomoni mwa askari, mchuuzi na mchunga kondoo ni jambo jingine, kwa sababu Kilatini cha mitaani kilikuwa na tabia ya kumeza konsonanti za mwisho. Ukiimeza t ya it, unabaki na pumzi. Watu wanaotaja kwenda mara mia kwa siku hawawezi kutegemea pumzi.

Wakaazima. Kilatini kilikuwa na kitenzi kingine, vadere, kilichokuwa na uzito zaidi: kushika njia, kukaza mwendo. Huyo akaletwa asaidie wakati uliopo, na hakutoka tena. Ndiye aliyezaa voy, vas, va, vamos, vais, van. Ire hakushindwa kwa siku moja. Maandishi ya Kihispania cha Zama za Kati bado yana imos kwa maana ya "tunaenda", na ides kwa "mnaenda", nafsi za wingi ambazo zilikuwa na nyama kidogo zaidi. Baadaye nazo zikasukumwa nje.

Sasa iba. Najua msomaji wa Kiswahili anacheka hapa; binamu yangu alicheka vilevile, akaniambia haiwezekani amwambie mgeni anayelinda begi lake "yo iba". Lakini kejeli yenyewe ni tamu kuliko anavyodhani. Katika maumbo yale matatu ya daftarini, iba ndilo pekee ambalo kitenzi hiki hakikuazima kwa mtu. Ni ibam ya Kilatini, mali halali ya ire, iliyopita karne zote hizo na b yake. Vitenzi vingine vyenye mkia wa -ir viliipoteza b hiyo: dormir, kulala, inatoa dormía. Katika njeo hii Kihispania kina vitenzi vikaidi vitatu tu, ir, ser na ver, na hiki ndicho kilichokataa kuachia konsonanti yake.

Fui ndiyo yenye mkasa. Kilatini cha "nilikwenda" kilikuwa ivi, na mara nyingi kilifupishwa kuwa ii. Irabu mbili zinazofanana, basi. Badala yake Kihispania kinasema fui, na fui halikuwa neno la kwenda hata kidogo. Lilikuwa wakati uliopita wa esse, kuwa. Ndiyo maana mwanafunzi anayefika ukurasa wa ser, yaani kuwa, anakuta orodha ileile aliyoikariri juzi: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron. Anadhani mchapaji kakosea. Fue maestra, alikuwa mwalimu. Fue a Madrid, alikwenda Madrid. Ile a ndogo inayoonyesha uelekeo ndiyo inayokusaidia kujua nani yuko wapi.

Kuwa kunageukaje kwenda? Hatuhitaji kusafiri mbali kujibu. Mtu akikuuliza, "Jana ulikwenda wapi?", unaweza kumjibu, "Nilikuwa Tanga." Hukutaja mwendo wowote, lakini ameelewa kwamba ulikwenda na umerudi. Mtu akiwa mahali ambapo si kwake, lazima alikwenda. Waliosema Kilatini cha mwisho mwisho walitumia njia hiyohiyo ya mkato, wakaizoea, na mkato ukawa barabara. Kireno nacho kimefanya vivyo hivyo: jirani zetu wa Msumbiji wanasema fui kwa yote mawili, na hawagongani.

Wala si rasi ya Iberia peke yake. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyepigwa rula kwa ajili ya Kifaransa atakumbuka je vais, nous allons, j'irai: mizizi mitatu, kitenzi kimoja, na maana ni ileile ya kwenda. Kiingereza kina go, lakini went yake iliibwa kwa kitenzi wend. Mwanaisimu Mjerumani Hermann Osthoff aliandika juu ya jambo hili mwaka 1899, akagundua kwamba maneno yanayounganisha mizizi migeni namna hii hayatawanyiki ovyo. Yanajikusanya kwenye mambo yaliyo karibu na mtu: kuwa, kwenda, wema na ubaya. Hutakuta kitenzi cha kupiga rangi dari kikiwa na mama watatu.

Hapa ndipo nilipomwambia binamu yangu aache kujiona mgeni. Na sisi tuna ugonjwa wa maneno mafupi, ila tumeutibu kwa dawa nyingine. Mwulize Mswahili kwa nini anasema anasoma, anapika, anacheza, lakini akifika kwenye chakula hasemi "anala", anasema anakula. Ile ku imetoka wapi? Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi -la kina silabi moja tu, kwa hiyo mkazo ungeangukia -na-, na -na- ni kiambishi ambacho hakibebi mkazo. Vivyo hivyo -li-, -ta- na -me-. Lugha ikaiacha ku ya kula ibaki ili kuwe na bega la kuwekea mzigo: anakula, alikula, atakula, amekula. Penye kiambishi chenye nguvu, ku haihitajiki: akala, hula, ale. Kunywa, kufa, kuja na kuwa vinafuata mkondo huohuo. Mhispania aliona kitenzi chake kimekuwa chembamba akaenda kuazima kwa jirani. Sisi tuliona chetu chembamba tukakivika vazi la nyumbani.

Tuna pia ukaidi usiokuwa na kanuni ya namna hiyo. Soma, pika, cheza, ni amri. Kuja, je? Njoo. Kwenda? Nenda. Kuleta? Lete. Anayezaliwa na lugha hii hajiulizi, kama vile mtoto wa Sevilla asivyojiuliza kuhusu fui.

Kwa nini lugha inavumilia vitu hivi? Jibu lililonipendeza limetoka kwenye hesabu. Mwaka 2007 Erez Lieberman, Jean-Baptiste Michel na wenzao wa Harvard walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kufuatilia vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale. Vilipofika Zama za Kati vilibaki vikaidi 145, na leo ni 98. Vingine vyote vilirudi kwenye mstari. Walipopima vipi vilirudi upesi na vipi vilichelewa, walikuta kanuni iliyonyooka ajabu: kitenzi kinachotumika mara mia moja pungufu kuliko kingine hurudi kwenye mstari upesi mara kumi zaidi. Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza vyote bado ni vikaidi.

Mantiki yake iko kichwani mwa mtoto. Umbo lisilofuata kanuni halitengenezwi, hukumbukwa. Ukilisikia mara elfu, linakaa. Ukilisikia mara moja kwa mwaka, siku ukilihitaji utalikosa, na utaunda lingine kwa kanuni unayoijua. Mtoto wa Kihispania akiwa na miaka michache husema sabo badala ya sé, najua. Amesikia sabes, sabe, sabemos. Ni nini kingine angeunda? Husema rompido badala ya roto, kilichovunjika. Wazazi wanacheka, lakini makosa hayo ni ushahidi kwamba mtoto ameigundua kanuni mwenyewe, maana hakuna mtu mzima aliyemfundisha sabo. Na huko Marekani, watoto wa Walatino waliokua na Kihispania cha kubabaisha hupewa jina hilohilo la utani, watoto wa "no sabo". Utani huo una mwiba. Mimi ningeanza kwa kuwapongeza kwa sarufi.

Kuna ubishi mkali nyuma ya vitoto hivi. Mwaka 1986 David Rumelhart na James McClelland walijenga programu ya kompyuta iliyojifunza wakati uliopita wa Kiingereza kwa mifano mitupu, bila kupewa kanuni hata moja, na ikawa inafanya makosa yanayofanana na ya watoto. Steven Pinker na wenzake wakawajia juu: akili ina kanuni upande mmoja na kumbukumbu upande wa pili, na mashine haiwezi kuvichanganya. Miaka ikapita, na programu za leo zinazoandika Kihispania bila kukosea fui ni wajukuu wa mtambo ule. Ubishi haujaisha, umebadilisha ukumbi tu.

Yanayotokea Kihispania yanatokea mbele ya macho yetu pia. Andar, kutembea, wakati uliopita wake rasmi ni anduve. Ni kitenzi cha kawaida lakini hakifikii ir, kwa hiyo Wahispania wengi huteleza wakasema andé, na walimu huumwa meno. Sasa panda basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Unakoanzia unaambiwa njoo. Unakofika unaambiwa kuja hapa, na ukiaga unaambiwa enda, na ukiwa na kitu mkononi leta. Mtu wa pwani hukunja uso. Lakini Nairobi imefanya kile ambacho kila mtoto hufanya: imeona kanuni, imeitekeleza. Huko njoo haisikiki vya kutosha kuwalinda watu wasiijengee mbadala.

Wakuu wa lugha nao hufika siku wakasalimu amri. Kihispania cha vitabu kinachosema "nendeni zenu" ni idos. Mitaani Hispania karibu kila mtu husema iros. Real Academia Española, iliyoanzishwa mwaka 1713 kulinda lugha hiyo, ilikubali iros mwaka 2017. Idos imebaki kwa wanaoipenda.

Nimeacha wakati ujao mwisho kwa sababu hapo kitenzi chetu kinatulia. Iré, irás, irá: nitakwenda, utakwenda, atakwenda. Mzizi ni ir yenyewe, nzima. Mikia ile, ukiitazama vizuri, ni kitenzi haber kilichokatwakatwa: he, has, ha. Zamani walisema "kwenda ninako", maneno mawili, yakagandamana. Nasi tulifanya hivyo. Wanaisimu husema kwamba -ta- ya atakwenda ni -taka iliyopungua, na alama ya jeraha bado inaonekana: ukisema yule atakayekwenda, taka inarudi nzima. Tukaendelea kuchimba, tukafika kwenye -li- ya nilikwenda, ambayo asili yake ni kitenzi cha zamani cha kuwa, kilekile kilicho hai katika "aliye" na "nilipo". Binamu yangu alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Kwa hiyo na sisi tunasema nilikuwa ili kusema nilikwenda." Takriban, ndugu yangu. Takriban.

Wiki iliyopita akanitumia sauti kutoka Forodhani, upepo ukivuma nyuma. Alikuwa akimwahidi mgeni kwamba kesho atakwenda naye kisiwani. Hakusema iré. Alisema kama wasemavyo watu wa mitaani siku hizi, kuanzia Madrid hadi Mexico hadi Malabo: voy a ir. Naenda kwenda. Voy ni vadere, ir ni ire. Mgeni wa zamani na mwenye nyumba aliyefukuzwa, wamekaa sentensi moja, wanasaidiana kubeba kesho. Nilimrudishia ujumbe kumweleza hilo. Akajibu kwamba mgeni amekubali, na kwamba boti ni saa tatu asubuhi.