Metali Iliyobakisha Kidogo Iwe Sumaku

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba vitu ni vya aina mbili tu: vinavyovutwa na sumaku na visivyovutwa. Msumari huku, sufuria ya alumini kule, alama umepata. Mimi nasema mgawanyo huo haujakamilika. Wa Kidato cha Nne wakitaka kunizomea, basi wangoje nimalize.

Mtazameni fundi wa jua kali hapa Mitunguu akifua chuma. Kikiwa baridi, huvutwa na sumaku barabara. Kikifika nyuzi joto 770 hivi, kimeiva chekundu, hakivutwi tena, utadhani ni ukuni. Kikipoa, nguvu hurudi. Nikeli, kama ile iliyomo ardhini kule Kabanga, Tanzania, hulegea mapema, karibu na nyuzi 355. Kobalti ya Kolwezi, Kongo, ni sugu: hungoja ipite 1,100.

Sababu ni elektroni. Kila moja ina spini, yaani ni kisumaku kidogo sana. Zikielekea upande mmoja, metali nzima huwa sumaku. Moto ukizivuruga, basi.

Sasa tazama jedwali la elementi. Chini ya nikeli kuna paladiumu, metali ghali ambayo hutiwa kwenye ekzosi za magari kusafisha moshi. Ndani yake mna mvutano. Elektroni zikielekea upande mmoja hupunguza kusukumana, hiyo ni faida. Lakini nafasi moja hubeba mbili tu, tena lazima zielekee pande tofauti. Kwa hivyo zinazogeuka hulazimika kuhamia nafasi za juu zenye gharama. Edmund Stoner, Mwingereza, ndiye aliyepiga hesabu hii miaka ya 1930. Katika nikeli faida hushinda. Katika paladiumu gharama hushinda, lakini kwa kidogo mno!

Ndipo mambo yanapoanza. Wazia soko letu la ndizi: lori likipiga honi, wauzaji wa pembe moja hugeuka pamoja, na kabla soko zima halijageuka, wao wamesharudia bei zao. Ndivyo elektroni za paladiumu zinavyofanya, kundi hili likijipanga na kutawanyika, kisha lile, bila kukoma. Hiyo ndiyo misukosuko ya spini, ambayo Mjapani Toru Moriya aliifafanua sana miaka ya 1970.

Ushahidi upo. Ukitia atomu chache za chuma ndani ya paladiumu, kila moja huwageuza majirani wengi, hata nguvu yao pamoja hupita ile ya atomu moja katika chuma kitupu zaidi ya mara nne. Tena misukosuko hiyo ina hasara yake. Alumini, ile ya sufuria tuliyoidharau, ikipozwa hadi karibu nyuzi 272 chini ya sufuri hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Paladiumu haifanyi hivyo, na wanafizikia wengi huilaumu misukosuko ya spini.