Nyayo za baba vitani Bama hutafutwa kwanza nyumbani

MTOTO wa askari wa Keya anayetaka kwenda ng'ambo kuona alikopigana babake katika Vita vya Pili vya Dunia hana budi kulifungua sanduku la marehemu kabla ya kufikiria nauli. Wengi wa waliorejea hawakupenda kusimulia. Walitaja 'Bama' tu, wakanyamaza, na jina hilo pekee halimfikishi mtu popote.

Kinachohitajika ni nambari ya askari na kikosi chake. Aghalabu hupatikana kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, iwapo mchwa hawakukifikia. Jina lisitegemewe mno, kwa kuwa makarani waliliandika jinsi lilivyowagonga masikioni. Hata medali ina kikomo chake: Nyota ya Burma, yenye pembe sita na mstari mwekundu katikati ya utepe, yathibitisha kwamba mwenyewe alihudumu katika vita hivyo, lakini Uingereza ilizitoa nyota hizo bila kuchonga jina wala kikosi. Picha kuukuu yaweza kusema zaidi. Beji ya kichwa cha kifaru begani ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Divisheni hiyo ilipitia Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kisha ikapelekwa Imphal, kaskazini mashariki mwa India. Mnamo Agosti 1944, katikati ya masika ya huko, askari wake waliingia Tamu na kuteremka Bonde la Kabaw, ambako malaria na matope viliwaandama sawa na Wajapani. Mapema Desemba waliuteka mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Mwenye kujua kikosi sasa aweza kwenda Kew, London, iliko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Shajara za kivita za vikosi vilivyokuwa Bama zimo katika mfululizo WO 172. Kadi ya msomaji haitozwi ada, ila huhitaji kitambulisho na uthibitisho wa makazi, na msomaji huruhusiwa kupiga picha kurasa kwa kamera yake. Hata hivyo, ajiandae moyo. Shajara hizo hutaja maafisa wa Kizungu kwa majina, huku askari weusi waliouawa au kujeruhiwa wakiandikwa mara nyingi kama idadi tu. Mtoto hatamwona babake humo; ataona kilima ambacho kikosi chake kilikipanda, na siku kilipokipanda.

Kukifikia kilima chenyewe ni jambo jingine. Tangu jeshi la Myanmar litwae mamlaka Februari 2021, mapigano yameenea hadi maeneo ya Tamu na Kalewa, na hakuna busara ya kumpeleka huko mzee wa miaka sabini. Imphal, yenye makaburi ya vita na makumbusho yaliyofunguliwa 2019, iko upande wa India, lakini jimbo la Manipur nalo lilizukiwa na ghasia za kikabila Mei 2023. Mgeni huhitaji kibali maalumu cha kuingia jimboni, mbali na viza, na anayetoka Kenya sharti awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kwa ambao baba hakurudi, tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huonyesha bila malipo jina lilikochongwa. Wapo wasiohitaji hata pasipoti. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa Februari 12, 1944 ikielekea Ceylon, watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yako Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong.